Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma ya Mazoezi na Afya ya Mkazi wa Kata

Mazungumzo na wakazi wa kata kuhusu kufanya mazoezi ya viungo kwa vikundi vya ngoma na muziki



Mgonjwa wa shinikizo la damu atokapo zahanati huusiwa, pamoja na dawa zake, mambo mawili: apunguze chumvi na afanye mazoezi. La kwanza huanza siku hiyohiyo, maana chumvi imo jikoni. La pili hungoja. Mama wa miaka hamsini hurudi nyumbani na agizo zuri asijue aanze wapi, saa ngapi, wala na nani. Kesho yake huamka alfajiri akatembea hadi barabara kuu. Keshokutwa hutembea tena. Siku ya tatu mvua hunyesha, na kufikia wiki ya pili agizo limebaki kuwa maandishi katika daftari la kliniki. Nia anayo, anachokosa ni wenzake wa kumngoja.

Mama huyo hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Maradhi haya hayaji kwa kishindo. Humnyemelea mtu akiwa dukani, ofisini au kwenye kiti cha bodaboda, na mara nyingi huja kujulikana siku ya kiharusi, wakati nyumba nzima inapoanza kulipa gharama ya miaka mingi ya kukaa.

Kiasi kinachohitajika

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kwa hesabu nyepesi, vipindi vitatu vya dakika 50 vinatosha kumfikisha mtu kwenye kiwango cha chini. Mwongozo huohuo unasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Aanzaye na dakika kumi hajapoteza kitu. Haba na haba hujaza kibaba.

Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo hilo lilifungua mlango. Hata hivyo, mwili hauhesabu mwezi, huhesabu wiki. Mkazi anayetoka jasho Jumamosi moja, kisha akakaa siku ishirini na saba, huanza upya kila mara, na maumivu ya misuli ya siku inayofuata humfanya ayachukie mazoezi. Kinachohitajika ni jambo la kumrudisha uwanjani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila kuvutwa mkono.

Kwa nini ngoma

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, waliwafuatilia watu 96 waliojitwalia tendo moja jipya la kufanya kila siku. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionesha kuwa ilichukua wastani wa siku 66 tendo hilo kuwa mazoea, na wengine walihitaji muda mrefu zaidi. Funzo lingine la utafiti huo linatia moyo: kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Basi swali kubwa ni hili: nini kitamshikilia mtu katika wiki hizo za mwanzo, wakati mwili unalalamika na faida bado haionekani?

Hofu ya maradhi humwanzisha mtu, lakini hofu huchoka upesi. Furaha huvumilia zaidi. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachezesha wanafunzi wa sekondari nchini Brazil, na wakaona kuwa waliocheza kwa mwendo mmoja walistahimili maumivu zaidi na kujihisi karibu zaidi na wenzao kuliko wale ambao kila mmoja alicheza kivyake. Kwa maneno mengine, mdundo mmoja huongeza ustahimilivu na huzaa undugu.

Wakazi wa mwambao hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Vyama vya beni vilivyoenea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa na vyeo, michango na sare, na wanachama wake walisaidiana katika maradhi na misiba. Kina mama wa lelemama nao walikuwa na viongozi wao na kanga zao za sare. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuingia TANU katika miaka ya 1950, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam. Na alipotakiwa kuwaleta wanawake katika chama, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Alijua kwamba pale ndipo watu walikuwa wamezoea kuitana na kuitikiana. Kikundi kilichoweza kubeba shughuli nzito ya kudai uhuru hakishindwi kubeba afya ya mtaa.

Namna ya kukiendesha kikundi

Kwanza, siku na saa zisibadilike. Saa kumi na moja jioni ya Jumatatu ibaki kuwa saa kumi na moja, wahudhuriaji wawe arobaini au wawe wanne. Mazoea hujengwa juu ya jambo lisiloyumba. Mahali panaweza kuwa uwanja wa shule ya msingi baada ya masomo, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kamati ya shule, au uwanja wa ofisi ya mtaa au kijiji.

Pili, muziki uwe wa watu wenyewe. Miaka ya 1990, Beto Pérez, mwalimu wa mazoezi wa mji wa Cali nchini Colombia, alifika darasani akiwa amesahau kanda zake za mazoezi. Kama anavyosimulia, alipiga kanda za salsa na merengue alizokuwa nazo, na wanafunzi wakafurahi kuliko siku zote. Hapo ndipo ulipoanza mtindo wa Zumba unaojulikana leo. Kata ya mwambao ina mduara, mdundiko na taarabu ya kisasa. Usambaani kuna mdumange, na Umakondeni sindimba. Singeli yenye kasi huwafaa vijana waliokwisha kupasha mwili joto.

Tatu, kila mtu apewe kazi. Mmoja abebe spika, mwingine aandike mahudhurio, wa tatu ampitie jirani asiyeonekana kwa vipindi viwili. Mtu anayejua kwamba anangojwa huondoka nyumbani hata siku ambayo mwili haupendi.

Nne, mwendo uwe wa hatua. Dakika kumi za mwanzo ni za kupasha mwili joto polepole, na tano za mwisho ni za kuupoza na kunyoosha viungo. Katikati, kipimo chepesi ni mdomo wa mchezaji mwenyewe: anayecheza kwa kiwango cha wastani huweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba. Akiimba wimbo mzima bila kuhema, aongeze nguvu. Akishindwa kutamka hata maneno machache, apunguze.

Hoja za wanaosita

Wapo wasemao kuwa ngoma uwanjani ni kukosa staha. Hoja hiyo inastahili heshima, na jibu lake ni mpangilio. Kina mama wanaweza kuwa na kipindi chao ndani ya ukumbi, na mwalimu mwanamke. Dera au suruali pana na mtandio havimzuii mtu kuinua goti. Vipindi visigongane na nyakati za ibada, na sauti ya spika isivuke uwanja. Mzee na mtu mwenye ulemavu wa miguu wacheze wakiwa wameketi, kwa mikono na mabega, ndani ya duara lilelile.

Kwa upande wa usalama, mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, pamoja na mjamzito, aonane kwanza na mhudumu wa zahanati. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame mara moja na apelekwe kupata huduma. Ngoma haichukui nafasi ya dawa. Anayetumia vidonge aendelee navyo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Ndugu wakazi,

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Uzinduzi wenye fulana mpya na hotuba ndefu si kipimo cha kikundi. Kipimo ni mwezi wa nne, jioni ya mawingu, spika imeazimwa na mwalimu amechelewa: je, watu wamekuja? Wakiwa wamekuja kumi na wawili, na mmoja wao ni yule mama wa miaka hamsini aliyekuwa na agizo daftarini, kata imepata huduma ya afya ambayo hakuna duka la dawa linaloiuza. Wanaotaka kuanzisha kikundi waandikishe majina yao kwa Mtendaji wa Kata, wachague siku zao tatu, na Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya vikundi vyote kukutana na kuchezeana.