Mgonjwa wa Siku Nyingi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka)



Mtu akishikwa na homa katika Mji wa Kale, habari hufika Kibokoni na Kuze kabla ya adhuhuri, na jioni barazani kwake hapana pa kukaa. Kwa hilo hatuhitaji kufundishwa. Lakini maradhi ya sukari hukaa na mtu maisha yake yote, nasi tumeona kwamba ufikapo mwezi wa tatu wageni wamekwisha, amebaki mgonjwa na mkewe.

Tena tukubali kosa letu. Twaenda kumtazama tukichukua haluwa na kaimati, na akikataa twamwona ana kiburi! Daktari akimkataza kufunga Ramadhani, huona haya kula mbele ya watoto, akafunga kwa siri hata akaanguka. Jamaa wakimwandalia chakula chake cha mchana bila ya maneno, wamemfaa sana. Na mjukuu mwenye macho mazima amtazame nyayo kila usiku, kwani mguu wenye ganzi hauhisi mwiba.

Insulini ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na tangu 1922 watu waliokuwa wakingojea kufa wameweza kuishi. Ila dawa hiyo haipendi joto. Penye nyumba isiyo na friji, mtungi wa maji wa bibi zetu, ukiwekwa kivulini penye upepo, huisaidia. Chupa itiwe kwanza katika kopo kavu lililofungwa barabara.

Walio na taabu kubwa zaidi ni wale ambao figo zao zimeharibika. Hao husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma, yapata saa nne kila mara. Atokaye hapo huwa hana nguvu, na vichochoro vyetu vingi gari haliingii. Twamkumbuka mzee mmoja aliyeacha kwenda. Hakukosa nauli. Alichoka kumwomba kijana wa jirani amshike mkono, naye kijana hakujua kwamba yangojewa aseme yeye kwanza. Tulimzika mwezi huo huo.

Kwa hiyo kamati imefungua daftari la zamu, ili mgonjwa asiwe wa kuomba. Daftari li kwa mwandishi wa chama. Jumatatu na Jumamosi zimejaa; Jumatano haijapata mtu.