Kerengende mwenye viatu vyeupe
(Maneno kwa wakulima wa kando ya vijito)

Leo hatutasema habari ya pamba wala ya mahindi. Tutasema habari ya mududu mudogo anayekaa kando ya maji. Musicheke. Mududu huyu ni mushahidi wa kijito chenu.

Ni kerengende mwembamba, urefu wake kama sentimeta 3. Akitua, anafunga mabawa yake juu ya mugongo. Uso wake umetokea mbele kama pua. Mume ana tumbo la buluu kama anga. Miguu yake ni mipana, myeupe mbele na myekundu nyuma. Muke hana uzuri ule. Rangi yake ni kama ya udongo. Mwaka 1853, Edmond de Selys Longchamps, Mubelgiji mwenye elimu ya vidudu, alimwita caligata, maana yake: aliyevaa viatu vya askari. Jina lake lote sasa ni Platycypha caligata.

Anakaa katika vijito vya Katanga, na nchi nyingine pia, toka Ethiopia hata Afrika ya Kusini. Tena ana ndugu. Platycypha lacustris anapenda vijito vya musitu. Platycypha pinheyi anakaa pwani ya Ziwa Tanganika. Platycypha amboniensis anakaa milimani Kenya, naye yuko katika hatari ya kupotea, kwa sababu musitu wake umekatwa.

Sasa sikilizeni maisha yake. Mume anachagua kipande cha muti au mizizi iliyoingia majini, naye anapalinda. Mume mwingine akija, anamufukuza. Muke akija, anacheza mbele yake, akitikisa miguu ili aone weupe wake. Muke akikubali, anatia mayai ndani ya muti ule uliolowa. Mutoto anatoka, anakaa chini ya maji kati ya mizizi na majani. Nyuma ana mikia miwili kama miiba. Mudomo wake wa chini unakunjuka kama mukono na kukamata vidudu vidogo. Akikomaa, anapanda juu, anapasua ngozi, anaruka. Tangu siku ile anakamata inzi wadogo na mbu. Hana sumu, wala hagusi mimea yenu.

Basi, anataka vitu gani? Vitatu tu: muti uliolala majini, kivuli, na maji yasiyo na matope. Mukulima akikata miti yote ya ukingo apate mistari miwili zaidi ya mahindi, jua linapasha maji moto. Mvua inaangusha udongo wa shamba kijitoni. Matope yanafunika mizizi na mawe, na watoto wa kerengende wanakufa. Samaki wadogo nao wanapungua. Nanyi mumepoteza udongo muzuri, ule wa juu unaolisha mimea. Mistari miwili imewagharimu shamba.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Acheni miti na majani marefu pande zote mbili za kijito. Musilime mupaka majini.
2. Penye mutelemko, limeni matuta ya kukingama, yasielekee majini.
3. Muhogo wa kulowesha utieni katika shimo la mbali, si pale munapoteka maji.
4. Musitie sumu ya samaki majini. Inaua samaki mukubwa na mudogo, na vidudu vyote anavyokula.

Neno moja tena. Kerengende akiwapo, musiseme: maji haya hayana ugonjwa. Yeye haoni ugonjwa wa tumbo. Maji ya kunywa yachemsheni siku zote. Lakini kama alikuwapo zamani na sasa hayupo, tembeeni kando ya kijito kuelekea juu. Tazameni nani amekata miti, na wapi udongo umeanguka. Pandeni tena kivuli kabla ya mvua nyingine kuchukua shamba.