Mlango wa Udaktari ni KCSE



Leo nasema na wewe wa kidato cha nne hapa Kombewa unayetaka udaktari. Kwetu Kenya hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia udaktari. Mlango ni KCSE yenyewe, halafu KUCCPS huangalia masomo manne ya kundi hilo, baiolojia na kemia yakiwamo. Kwa hiyo alama nzuri ya jumla huku kemia imelala, haitakufikisha.

Miezi iliyobaki usihangaike na vitabu vipya. Chukua karatasi za miaka iliyopita, weka saa mezani, fanya kama uko ndani ya chumba cha mtihani. Kwenye karatasi ya pili ya baiolojia, swali la 6 ni la lazima, alama 20, na mara nyingi lina jedwali na grafu. Grafu jamani! Mtu anachora vizuri, anasahau kuandika vipimo pembeni. Alama za bure hizo, zimekwenda.

Na malaria usiikariri tu. Hapa hapa Kombewa, kuanzia 2009, watoto walishiriki majaribio ya chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Somo la kinga ya mwili liko mlangoni pako.

Wazazi, baada ya daku mwacheni mtahiniwa asome, ila tarawehe ikiisha alale. Na kama ni binti, msimwachie sufuria zote za futari. Kaka yake naye ana mikono.