Usiniambie "Hiyo Ni Imani Yao"

Nazungumza nanyi, wasikilizaji wangu wa Mpui, wa Laela, wa Kaengesa, na ninyi mlioshuka bondeni kwenye mpunga na samaki wa Ziwa Rukwa. Najua saa hizi akina mama mko jikoni, vijana mnapukuchua mahindi, na wazee wangu wa kilabuni mmeanza kupunguza sauti ya redio ili mbishane vizuri. Wazee wangu, naomba hiyo sauti muiongeze. Leo nilipangiwa kuzungumzia mbolea ya ruzuku. Mbolea itasubiri wiki ijayo.

Nazungumzia jibu ninalopewa kila mara mtoto anapofikishwa kwenye matibabu akiwa amechelewa. Ukiuliza kwa nini hamkumleta juzi, majirani wanatazamana, halafu mmoja anasema: "Sista, hiyo ni imani yao." Basi, mazungumzo yameisha. Imani ikishatajwa, kila mtu anavua kofia na kurudi nyuma.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukaa mbele ya kipaza sauti hiki, na kuna mtoto mmoja wa mwezi wa Julai, ule mwezi wa upepo wetu wa baridi, ambaye sitaacha kumtaja. Aliletwa alfajiri kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mama yake, amezungushiwa kanga zilizolowa mafuta. Nilipozifungua, mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, midomo imekuwa ya kijivu. Mama alishika chupa ya soda yenye maji ya kuombewa, na hakukubali kuiachia hata nilipomwomba amshike mwanawe kwa mikono miwili. Siku nne walikuwa kwenye mkesha. Ile ilikuwa nimonia. Ukiiwahi, dawa yake ni vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye kijiko cha maji. Hatukuweza kumwokoa. Na dereva, ambaye ni jirani yao, aliniambia alimsikia mtoto akikoroma tangu siku ya pili. Nikamuuliza, ukafanya nini? Mnajua alichonijibu.

Sasa niwaulize ninyi. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye maharage yako, unanyamaza? Hunyamazi. Unamkamata mbuzi, unakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, unadai fidia mpaka punje ya mwisho. Jirani akisogeza mpaka wa shamba hatua mbili, kijiji kizima kinaitwa. Binti wa watu akirudi nyumbani saa mbili usiku, mna maoni. Lakini mtoto anakata pumzi nyuma ya ukuta wa tofali, tena mnamsikia, halafu ghafla sote tumekuwa watu wa adabu, hatuingilii mambo ya nyumba ya mtu! Hiyo siyo heshima. Ni uoga.

Kuna msikilizaji amenitumia ujumbe akisema mimi nadharau dini. Ndugu yangu, mimi nasali, na kengele ya kanisa ikilia nami naondoka nyumbani. Ninachosema ni hiki: mtu unamheshimu kwa sababu ni mtu, ukimkuta anaswali unasubiri amalize, anachokiamini moyoni ni chake na Mungu wake. Fundisho ni jambo jingine. Fundisho linaposema mtoto asipewe dawa, limetoka moyoni mwa mtu likaingia kwenye mwili wa mwingine, na hapo lina haki ya kuulizwa maswali kama fundisho lolote la mwalimu, la daktari au la diwani. Likijibu vizuri, tutaliheshimu. Lisipojibu, hatuwezi kuliheshimu eti kwa sababu tu limesemwa na mtu aliyeshika kitabu kitakatifu.

Tena angalieni ni nani anayelipa. Mtu mzima akifunga siku nzima, njaa ni yake. Wako watu wazima wanaokataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yao. Nitawabembeleza, nitawaeleza, lakini mwili ni wao. Mtoto wa miaka miwili hana dhehebu. Hakupelekwa kwenye mkesha kwa ridhaa yake.

Na degedege, jamani. Miaka yote hii! Bado yupo bibi anayeamini kwamba degedege ni jini au ndege wa usiku, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Ndiyo maana anafukizwa moshi kwanza. Sisi tunaoishi huku juu, kwenye baridi, malaria hatuizoei sana; mtoto akishuka bondeni na wazazi kwenda kuvuna mpunga, anapanda nayo, na inampiga vibaya kwa sababu mwili wake haujaizoea. Joto linapanda, malaria inaingia kichwani, anakakamaa, macho yanageuka. Hiyo sindano mnayoiogopa ndiyo inayomwokoa. Wanaokufa baada ya sindano wengi wao walishapoteza siku mbili kwenye moshi, halafu lawama anapewa nesi. Mzunguko huo nimeuona mpaka umenichosha.

Kuhusu chanjo nitasema kwa ufupi, maana nilishasema hadi koo likakauka: ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Jirani zetu wa Mpimbwe, mkoani Katavi, mwanzoni mwa 2023 walikuwa wakizika watoto kwa surua, zaidi ya kumi. Surua! Ugonjwa wenye kinga, ya bure.

Mnaosema dini na hospitali haziivi chungu kimoja, nendeni Sumbawanga mjini mkasome jina lililoandikwa kwenye hospitali ya kanisa. Dokta Atiman. Wengi mmelazwa pale, wengine mmezaliwa pale, na hamjui alikuwa nani. Adrian Atiman alitekwa utotoni huko upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na hapo akafanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa katekista na alikuwa daktari. Asubuhi anafundisha sala, mchana anafunga vidonda, na hakuna siku aliyoona kimoja kinakitukana kingine. Hebu fikirini, wakati huo hakuna lami, hakuna gari la wagonjwa, na mtu wa Mungu anashika kisu cha upasuaji. Leo kuna lami kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, na mtu mwenye suti anamwambia mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani! Imani ya Atiman naiheshimu. Aliifanyia kazi miaka zaidi ya sitini, na tuliona matunda yake kwa macho.

Wakatoliki wenzangu, kwenye Biblia yetu kuna kitabu cha Yoshua bin Sira. Fungueni sura ya 38 muone tabibu anavyopewa heshima na dawa zinavyosemwa kuwa zimetoka ardhini kwa mpango wa Mungu. Walokole, Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Waislamu, Kurani yenyewe inamruhusu mgonjwa asifunge, alipe siku nyingine. Dini zilishafungua mlango. Anayeufunga ni nani?

Mtaniambia hayo ni mambo madogo ya vijijini. Haya, twende Kenya. Aprili 2023, kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Mingi ilikuwa ya watoto. Mackenzie hakutokea ghafla. Miaka kabla ya hapo alishafikishwa polisi na mahakamani kwa mahubiri yake, likiwemo la kuwaambia watoto wasiende shule. Watu walijua. Walikuwepo waliolalamika, na walikuwepo waliosema mwacheni, ni kanisa lake. Uganda nao, Machi 17, 2000, huko Kanungu, mamia waliteketea ndani ya kanisa la kikundi cha Joseph Kibwetere. Na hapo pia majirani waliwaona waumini wakiuza mali zao na kuacha kuzungumza.

Na kwetu? Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikanyagana mpaka kufa uwanjani wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Walikwenda maskini na mawaziri. Wako waliotolewa wodini wakafia kwenye foleni ya magari. Wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wameshapona. Nilikuwa nafuatilia wagonjwa wa aina hiyo. Unamkuta mtu amenona, anacheka, anakwambia dawa za nini tena. Baada ya miezi kadhaa unamkuta kitandani. Mpaka leo bado kuna wanaoambiwa kanisani "tupa vidonge", na wanatupa. Mwanangu, ukiombewa na ukajisikia vizuri, mshukuru Mungu, kisha umeze kidonge chako saa ile ile uliyozoea.

Nisiwasahau wa upande wa mila, msije mkadhani mmepona kwa sababu hamvai kola. Wazee wangu mnaikumbuka Kamchape, ile harakati ya kusaka wachawi iliyopita hapa Ufipa kwa mawimbi. Mwingereza Roy Willis, aliyeishi huku miaka ya 1960, aliandika habari zake. Watu wanakusanywa, wanasafishwa, wanachanjwa chale za dawa, na mtu anaonyeshwa kidole kuwa mchawi. Ukikataa kuchanjwa, kukataa kwenyewe kunakuwa ushahidi. Ramli ya leo haina tofauti: bibi ana macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka hamsini, mjukuu wa jirani anaugua, mganga anataja "mwanamke mzee wa upande wa jua linapozama", na usiku huo bibi hana usalama. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Miezi miwili tu baadaye, hapa hapa kwetu, kijiji cha Kipeta, mtoto mwenye ualbino wa miaka sita alikatwa kiganja usiku. Waliofanya vile nao waliamini kitu. Waliamini kwamba kiungo cha mtoto kinaleta utajiri. Nani atasimama mbele yangu aseme niiheshimu hiyo, ni imani yao?

Mnaona mnavyokataa hapo? Vizuri. Basi mnakubaliana nami kwamba imani inapimwa. Kama hii ya Kipeta tunaipima, ya mkesha tunaiacha kwa sababu gani? Kwa sababu mhubiri ana sauti nzuri na gari?

Sheria iko wazi, ingawa viongozi wengine wa vitongoji wanajifanya hawaijui. Katiba, ibara ya 19, inamlinda kila mtu aamini atakavyo, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele mtu akifukuzwa kijijini kwa dini yake. Lakini ibara ya 30 inasema haki yako haitumiki kuvunja haki ya mwenzako. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto matibabu, na chanjo imetajwa humo. Hakuna mstari unaosema "isipokuwa wale wa kanisa fulani". Mwalimu Nyerere alikuwa anakwenda misa, na bado alisisitiza kwamba serikali haina dini. Mwenyekiti, ukiitwa kwenye nyumba yenye mtoto mahututi, usiulize wanasali wapi. Ita usafiri.

Wahubiri, wengi wenu ni watu wema na wengine mnanisikiliza sasa hivi. Fanyeni jambo moja Jumapili hii. Simameni mbele ya waumini mseme kwa kinywa chenu: mtoto akiugua, kwanza hospitali, na mimi nitakuja kumwombea huko huko wodini. Haitawapunguzia waumini hata mmoja. Waumini nanyi, mhubiri asiposema, mwulizeni, tena mbele za watu: mtoto wangu akipata homa usiku, nimpeleke wapi kwanza? Mtu aliyesimamia ukweli hakasiriki akiulizwa.

Na wewe jirani, dereva wa bodaboda, mama ntilie, shemeji uliyekuja kusalimia: mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, au mbavu zikiingia ndani akipumua, hapo hakuna cha kesho asubuhi. Bisha hodi. Sema, "Dada, tuombe tukiwa njiani." Wengi watakubali, nimeona wakikubali, kwa sababu mzazi aliyekesha siku mbili mara nyingi anangoja tu mtu amwambie inuka twende. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipishwa kwenye kituo cha serikali, kwa hiyo pesa isiwe kisingizio. Wakikataa na kukufungia mlango, nenda kwa mtendaji wa kijiji usiku huo huo, au piga simu ya watoto. Haikatwi salio, na hulazimiki kutaja jina lako. Namba ni 116.