Mkate wa Ganda Kavu: Jinsi ya Kuuoka Nyumbani kwa Chungu na Makaa

Leo twataka kunena nanyi habari za mkate. Si ule mkate mwororo wa dukani, ubonyeao kwa kidole kama pamba, bali ni ule ambao watu wa vijiji vya Italia huuoka tangu zamani: ganda lake kavu na jekundu, huvunjika kwa mlio, na ndani yake ni laini, wenye matundu makubwa na madogo. Mkate huo hauna mafuta, wala sukari, wala mayai. Una vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na chachu.

Labda mtu atauliza, "Mambo ya Wataliani yatuhusu nini sisi wa Tabora, tulao ugali wa mahindi na wa mtama?" Swali hilo ni jema, na jibu lake limo katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ndipo ikaendelea mpaka Ujiji katika ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliichukua mizigo ya njia hiyo mabegani mwao, na posho ya mtu kwa siku ilikuwa kibaba cha nafaka. Wafanya biashara wa Kiarabu waliokaa Unyanyembe walilima ngano kidogo karibu na makao yao, pamoja na mpunga na vitunguu. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, wakati mji ulipoitwa Kazeh, ngano haikuwa kitu kigeni. Kisha reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na magunia ya unga yakaanza kuja kwa gari la moshi. Basi mkate una siku nyingi katika nchi yetu. Lililo geni kwa wengi wetu ni kuuoka kwa mikono yetu.

Tena kuna jambo lipasalo kufikiriwa. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu mwezi wa Februari mpaka tarehe 25 Agosti, na mahali pa tembe lile watu huenda kupatazama hata leo. Katika kitabu chake cha safari za kusini ya Afrika, kilichopigwa chapa London mwaka 1857, alieleza jinsi ya kuoka mkate pasipo tanuri la matofali. Njia ya kwanza ni kuchimba tundu katika kichuguu, na kuliziba kwa jiwe bapa badala ya mlango. Njia ya pili ni kuwasha moto chini hata ardhi ishike joto, kisha kuuweka unga uliokandwa, kuufunika kwa chungu cha chuma, kuuzungushia majivu ya moto, na kuwasha moto mdogo juu yake. Chachu yake ilikuwa kipande cha unga uliobaki katika mkate wa kwanza.

Sasa, enyi mama zetu, fikirini. Kuweka moto chini na moto juu, je, si ndivyo mfanyavyo mkipalia makaa juu ya kifuniko cha wali? Na kutunza chachu, je, si kazi ijulikanayo na kila apikaye togwa? Mafundi wa Italia hawatuzidi kwa jambo hilo. Mwenye kujua kupalia wali amekwisha kujua nusu ya kazi ya mwokaji. Na tueleze nusu iliyobaki.

Kwanza, unga. Sharti uwe wa ngano, na sababu yake ni hii. Ndani ya ngano mna kitu kinatacho na kuvutika, kiitwacho gluteni. Ninyi wanafunzi mwaweza kukiona kwa macho. Kandeni donge la unga wa ngano, mliache kwa nusu saa, kisha mlioshe polepole ndani ya bakuli la maji. Maji yatakuwa meupe kama maziwa, kwa sababu wanga unatoka. Na mkononi patabaki kitu kidogo kivutikacho kama mpira. Fanyeni vivyo hivyo kwa unga wa mahindi, na donge lote litatawanyika. Kitu hicho ndicho kinachozishika pumzi za chachu ndani ya mkate, kama ngozi ya kibofu inavyoshika hewa. Kwa hiyo mkate wa mahindi matupu hauwezi kuumuka namna hii. Walakini mkipenda kupunguza gharama, sehemu moja ya unga wa mtama kwa sehemu nne za ngano haitauharibu mkate; utakuwa mzito kidogo, na ladha yake ni nzuri.

Pili, chachu. Hamira ya dukani yafaa, kijiko kimoja cha chai chatosha. Lakini asiye na duka karibu asikate tamaa. Atwae unga wa ngano usiokobolewa, vijiko vitatu, auchanganye na maji kiasi hicho hicho katika kikombe safi, aufunike kwa kitambaa. Kesho yake amwage nusu, aongeze unga mpya na maji mapya. Naye afanye hivyo kila siku. Katika siku za kwanza harufu yake yaweza kuwa mbaya, asitishike. Baada ya siku tano au saba hivi, rojo hilo litapanda na kutoa povu, na harufu yake itakuwa chachu safi kama ya togwa. Akitia tone lake ndani ya maji likaelea, chachu ni tayari. Lakini ikiota ukungu wa rangi, aimwage yote aanze upya.

Mnajua ni nini kinachofanya kazi humo? Ni viumbe hai, wadogo mno, wasioonekana kwa jicho. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alianza kutoa habari zao mwaka 1857, akaonyesha ya kuwa uchachu hauji wenyewe, bali ni kazi ya viumbe hao. Hula sukari iliyomo katika unga, na kutoa hewa. Nayo hewa hiyo ndiyo inayouinua mkate. Kwa kuwa wana uhai, wataka chakula na joto la kadiri. Maji ya moto huwaua, na baridi huwalegeza. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, Tabora ikiwa na joto kali, unga huumuka upesi. Na katika usiku wa Juni na Julai hukawia. Mwokaji na autazame unga wenyewe kuliko saa ya ukutani.

Tatu, kukanda. Pimeni kwa kikombe kimoja kile kile: unga vikombe vinne, chachu ya rojo nusu kikombe, maji kikombe kimoja na robo, na chumvi vijiko viwili vya chai. Mkitumia hamira, maji yawe kikombe kimoja na nusu. Unga ukiwa mkavu, ongezeni maji kidogo kidogo. Msiuogope unga unaonata kidogo mikononi. Ule mgumu kama wa chapati utatoa mkate uliofungamana. Kandeni kwa dakika kumi, mkiusukuma na kuukunja, hata uwe laini na uvutike bila kukatika. Ufunikeni kwa kitambaa kibichi, maana hewa ya Tabora ni kavu wakati wa kiangazi, nayo huufanyia unga ngozi ngumu kabla ya wakati wake. Uacheni uumuke hata ukaribie kuwa mara mbili. Kwa hamira ni saa moja au mbili. Kwa chachu ya nyumbani ni saa nne mpaka sita, na wakati wa baridi waweza kulala usiku kucha. Subira yavuta heri: unga uliokawia ndio wenye ladha. Kisha uvirigeni uwe donge la mviringo, uso wake ukiwa umekazwa vizuri, mkauache tena kwa muda wa saa moja.

Nne, moto. Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la ganda. Twaeni chungu cha chuma kizito chenye kifuniko cha chuma, au chungu cha udongo kilichozoea moto pamoja na mkungu wake. Kiwekeni juu ya makaa kikiwa kitupu, na makaa mengine juu ya kifuniko, hata kishike joto sana. Nyunyizeni unga kidogo ndani: ukigeuka hudhurungi polepole, joto latosha, ukiwa mweusi mara moja, punguzeni moto. Ndipo mlitie donge, mlichanje juu kwa kisu kikali, mfunike upesi. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana mkate umelala juu ya chuma, nao huungua chini kwa urahisi. Baada ya dakika 30 kisogezeni kifuniko kidogo ili mvuke utoke, mkayafanye upya makaa ya juu, mkangoje dakika kumi au kumi na tano zaidi. Utoeni, mgonge chini yake kwa kidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva. Ukitoa sauti nzito, urudisheni.

Kwa nini twafunika kwanza na kufunua baadaye? Maji yaliyomo katika unga hugeuka mvuke, na chungu kilichofunikwa huuzuia usitoke. Mvuke huo huulowesha uso wa mkate, nao huweza kutanuka hata pumzi zote za ndani zitakapomaliza kazi. Kama uso ungekauka mapema, mkate ungefungwa kama mtu aliyevaa kanzu ndogo, ukapasuka ubavuni. Baadaye mvuke ukiisha kutoka, uso hukauka, joto lake hupita joto la maji yachemkayo, ndipo hugeuka rangi na kupata ile harufu impendezayo kila mtu. Ndani ya mkate mna maji bado, kwa hiyo joto la ndani halipiti lile la maji yachemkayo. Ndiyo sababu kiini kikabaki cheupe na chororo. Wataliani wenye matanuri ya matofali huutafuta mvuke huo huo. Chungu chenu chautoa bila taabu.

Mkate ukiisha kutoka, mtausikia ukialika kwa sauti ndogo. Ni ganda linalopoa na kupasuka. Msiukate bado, ingawa watoto watalia. Ngojeni saa moja, maana kiini hakijatulia, na kisu kitakifanya kama uji. Uliwe kwa asali, na asali ya misitu ya Tabora haina haja ya kusifiwa na sisi. Mkate wa chachu ya nyumbani hukaa siku kadhaa bila kuota ukungu, tena hata ukikauka haupotei. Watu wa Toscana, huko Italia, huutia mkate mkavu katika mchuzi wa maharage na mboga, ukawa chakula kizima. Maharage sisi tunayo, na mboga tunayo.

Desturi nyingine ya Italia yafaa kutajwa. Katika miji ya kusini, kama Altamura na Matera, zamani watu wengi hawakuwa na tanuri nyumbani. Kila mke aliukanda unga wake, akaupiga muhuri wa mti wenye alama ya jamaa yake, ukapelekwa kwenye tanuri moja la mtaa. Na mikate ilipotoka, kila mtu aliujua wake. Kwa moto mmoja walikula watu wengi. Neno hili lina mafundisho kwetu, kwa kuwa kuni na makaa ni miti, na miti ya miombo haioti kwa siku moja. Nyumba tatu au nne zikipatana kuoka siku moja, chungu kikiwa tayari kimeshika joto, mkate wa pili na wa tatu hauhitaji makaa mengi kama wa kwanza. Nanyi, tahadharini: makaa yasiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini. Okeni uani, na watoto wakae mbali na kifuniko chenye moto.

Wasikilizaji, hatusemi mwuache ugali. Ugali ndio uliowatia nguvu wapagazi wa njia ya Bagamoyo, na ngano katika sehemu zetu ni ya kununua. Twasema hivi: tusiugawanye ujuzi kwa kusema, "Huu ni wa wageni, na huu ni wa jikoni kwetu." Mwanafunzi akaririye shuleni habari za viumbe wadogo, na mamaye atunzaye chungu cha togwa, wasema jambo moja kwa maneno mawili, na mara nyingi hawajui. Siku wakikaa pamoja uani kukanda donge moja, mtoto atamweleza mama kwa nini unga unapanda, na mama atamwonyesha mtoto jinsi ya kupalia moto. Na kila mmoja atamheshimu mwenziwe zaidi. Hasara kubwa ni mtoto kurudi kutoka shule akidhani ya kuwa nyumbani kwao hakuna la kujifunza.

Jaribuni, basi. Mkate wa kwanza ukiungua chini, punguzeni makaa ya chini. Ukiwa mzito, uacheni uumuke zaidi. Na wa tatu utapendeza.