Kabla ya Kumtaja Jirani
Mazungumzo na familia za wahamiaji na viongozi wa mitaa ya Oicha, kuhusu ajali za mifugo



Leo sitazungumzia bunduki. Nitazungumzia mbuzi, nguruwe na simbiliki, maana kati ya familia iliyohama na familia iliyoipokea, ugomvi mara nyingi unaanzia kwenye miguu ya mnyama. Tangu mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, watu wa upande wa Eringeti, wa Mamove na kwingineko wamekimbilia hapa, wengine zaidi ya mara moja. Parisela iliyokuwa ya familia moja inalaza familia mbili au tatu. Kila mtu ana kamnyama kake, kwa sababu mbuzi ndiye karo ya mtoto na ndiye dawa ya mgonjwa. Uzio hakuna. Ajali zikitokea, tushangae nini?

Tuchukue mfano wa kakao. Mwenye parisela ametandaza mbegu zake juani juu ya bashi. Mbuzi wa mama mhamiaji amekata kamba, amezikuta zingali na utamu wake, amekula mpaka kushiba. Usiku anahema na kutetemeka, asubuhi amekufa. Mwenye kakao anasema, "Nilipe." Mwenye mbuzi anasema, "Umemwua mbuzi wangu kwa sumu." Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Ndani ya kakao mna kitu ambacho sisi watu tunakivumilia, lakini mnyama aliyekula nyingi hakiwezi, na moyo wake unakwenda mbio kupita kiasi. Sumu ipo, ila hakuna aliyeitia.

Lakini neno hilo "sumu" likitamkwa kwa hasira mbele ya watu, kesho yake halihusu mbuzi tena. Upande huu watasema wageni wanatuibia, upande ule watasema wenyeji wanataka tufe. Nanyi mnajua kwamba mwaka 2024 bei ya kakao ulimwenguni ilipita dola 10,000 kwa tani. Hata iliposhuka baadaye, nani atalidharau beseni la kakao? Wala mbuzi mmoja si kitu kidogo kwa mama asiyeweza kufika shambani kwake.

Mimi naona hasara zote mbili zihesabiwe pamoja. Pimeni kakao iliyoliwa, tajeni bei ya mbuzi, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, na mwandike kwenye karatasi. Mara nyingine tofauti inayobaki ni ndogo, na inaweza kumalizwa kwa siku mbili za kazi. Kazi hiyo ifanywe hapa hapa mtaani. Msimtume mtu kwenye shamba la mbali ambako usalama ni mdogo, eti analipa deni la mbuzi.

Na ile nyama? Njaa naijua. Hata hivyo mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asiuzwe, kwa kuwa bado hamjajua kilichomwua. Katika ule ugonjwa wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, tuliambiwa hivyo kila siku, na somo lile halijaisha.

Nguruwe ndio wanaoleta mashaka makubwa zaidi. Wanyama wako wote wanakufa kwa juma moja, wa jirani wamesimama wazima. Nani asiyewaza ubaya? Lakini tazama masikio na tumbo: je, ngozi imekuwa nyekundu au ya zambarau? Walikataa chakula, wakawa na homa, wakalaliana? Huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, ile wengi wanaiita pesti. Haimshiki mtu, lakini haina dawa. Inaingia kwa mabaki ya chakula, kwa viatu, kwa kisu, kwa nyama ya bei rahisi. Anayeona nguruwe wa kwanza anaumwa, kisha anakimbia kuwauza waliobaki, huyo ndiye wa kuulizwa maswali, kuliko jirani mliyegombana naye mwaka jana.

Simbiliki wakipotea usiku, watoto wa hema la pili ndio wanaoshtakiwa kwanza. Tafuteni kwanza manyoya, damu na alama za makucha. Paka na kicheche hawaombi ruhusa. Siafu nao wanaweza kumaliza banda zima kabla ya jogoo kuwika. Vilevile maganda mabichi ya muhogo mchungu yanaua mbuzi upesi sana. Msiyatupe ovyo nyuma ya jiko.

Sasa ninyi machefu wa nyumba kumi. Mkiitwa, swali la kwanza lisiwe "Huyu ametoka wapi?" Ulizeni mnyama alilala wapi, alikula nini, nani alimwona mwisho. Nendeni siku ile ile, mkaangalie pamoja na wote wawili, na kama mganga wa mifugo anapatikana, aitwe. Lakini ikiwa watu wamekwisha kusanyika na mawe mikononi wakimtaja mtu kuwa mchawi au mtia sumu, hapo si saa ya kupima kakao. Mwondoeni kwanza yule mtu mahali pale, pamoja na watoto wake. Habari ya mnyama itangoja.

Na kabla mabashi hayajatandazwa msimu huu, kaeni kidogo, mwenye parisela na mliopokelewa: mbuzi atafungwa wapi, kamba iwe ndefu kiasi gani, nani atamhamisha saa sita na kumpa maji, mtoto yupi atalinda kakao asiyekuwa na masomo saa hiyo.

Sasa nawasikiliza. Mama wa pale nyuma alikuwa ameinua mkono.