Khutba: Msumeno wa Moto na Amana ya Misitu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua na kuotesha kwayo miti ya kila namna. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi pamoja na nafsi yangu kumcha Yeye kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na msituni.

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliogawana chombo baharini, baadhi wakakaa juu na baadhi chini. Wale wa chini, ili wasiwasumbue wenzao kila wanapotaka maji, wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Zingatieni kuwa watu hao hawakukusudia kuzamisha chombo. Waliona tu kuwa pale ni pao.

Misitu yetu ni chombo hicho. Maji ya milima ya Uluguru hutiririka katika Mto Ruvu hadi mabombani Dar es Salaam, na maji ya Mto Zigi, yatokayo Usambara ya Mashariki, hunywewa mjini Tanga. Aangushaye miti huko kwa siri anatoboa mitungi ya watu asiowajua.

Zamani gogo lilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, mtu mmoja juu na mwenziwe shimoni, na uzito wa kazi wenyewe ulikuwa kizuizi. Leo upo msumeno wa moto, ambao wengi huuita chenso. Mninga uliohitaji miaka 80 au zaidi kukomaa huanguka kwa dakika chache, na kabla mlinzi hajafika, mkataji amekwisha ondoka.

Hatusemi kuwa chombo hiki ni haramu. Huondoa mti ulioziba barabara, na humpunguzia mkulima taabu. Kisu kichinjacho kwa halali ndicho kiuacho kwa dhulma. Hukumu ni ya mkono. Lakini chombo chenye nguvu namna hii hakifai kuachwa bila ya kujulikana mwenyewe na kazi yake. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 2002 kwamba kila msumeno wa aina hii uandikishwe, na asiutumie ila mwenye kibali. Ghana nayo mwaka 1998 ilikataza kupasua mbao za biashara kwa msumeno huo. Lakini wanunuzi hawakuacha kununua, na mbao hizo zikaendelea kujaa masokoni. Basi sheria humzuia mkataji mmoja, na fedha ya mnunuzi huwatuma kumi.

Kwa hiyo maneno haya hayamhusu mkataji peke yake. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake zinataka mvunaji awe na kibali, na mbao zisafiri na hati yake. Ewe unayemnunulia binti yako kitanda, umepata kuuliza mbao zimetoka wapi? Na sisi wa kamati za misikiti, tukiletewa mbao za paa usiku, kwa bei isiyofanana na ya sokoni, tukanyamaza kwa kuwa ni kazi ya kheri, je, tutasujudu chini ya mali ya wizi? Haramu haitakasiki kwa kupigiliwa msikitini.

Mwenye msumeno asimkodishe asiyeonyesha kibali. Mnunuzi aulize hati kabla ya bei. Wazee wa kijiji wasimfiche jamaa yao. Nanyi wanafunzi, pandeni miti, kwani Mtume wetu ametufunza kuwa aliwacho ndege, mnyama au mtu katika mti huandikwa sadaka kwa aliyeupanda.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu katika amana Yako, utupe mvua yenye manufaa, na utuepushe na chumo la haramu. Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Amin.